Sindano na Uzi: Anza na Suruali, Gauni Litasubiri

*Dada Fundi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Nkuhungu, hapa Dodoma. Mwezi uliopita mama mkwe alinikabidhi cherehani yake ya mkono, na tangu siku hiyo sina jingine ninalolifikiria. Mdogo wangu anatarajia kujifungua mwezi wa saba, nami nimeazimia kumshonea mtoto nguo zake zote: magauni matatu yenye kola, koti, kofia, suruali na shuka za kumfunikia. Nimekwisha kununua mita tano za teteroni ya rangi ya maziwa. Gauni la kwanza nilimpimia mtoto wa jirani mwenye miezi sita. Nilimzungushia futi shingoni, nikakata sawasawa na kipimo nilichopata, lakini wakati wa kumvisha gauni likakwama kichwani na mtoto akalia sana. Mume wangu anasema ningenunua mtumba yangeisha. Mimi sitaki kuacha. Nimekosea wapi, nianze na nguo gani, na kitambaa kipi kinafaa kwa hali ya hewa ya kwetu?*

*Mama Mkubwa Mtarajiwa, Nkuhungu*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa cherehani. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu kosa ulilolifanya nami nililifanya kwa mwanangu wa kwanza, na ninakumbuka jinsi nilivyolikunja gauni lile nikaliweka chini kabisa ya sanduku. Kwa hiyo nianze na shingo.

Sisi watu wazima nguo zetu nyingi tunazifungua mbele au nyuma, kwa hiyo hatufikirii tofauti ya shingo na kichwa. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa kuliko sehemu nyingine za mwili wake. Urefu wa kichwa chake ni karibu robo ya urefu wake wote. Akizaliwa, mzunguko wa kichwa huwa karibu sentimita 35, akifika miezi sita hukaribia 43, na akitimiza mwaka hufika 46 hivi. Shingo yake haifikii hata theluthi mbili za kipimo hicho. Ukikata kwa kipimo cha shingo kitambaa kisichovutika, kama hiyo teteroni, umekata nguo isiyovalika, hata kama umeishona kwa ustadi gani. Nguo ya mtoto ya kuvalia kichwani hupimwa kichwani, kisha huongezwa sentimita mbili au tatu za kupitishia masikio.

Gauni lako halijaharibika. Likunje katikati ya mgongo, pasua kwa mkasi kutoka shingoni kushuka sentimita 10, uzungushie mpasuo huo utepe wa kitambaa uliokatwa kimshazari, kisha uweke kifungo kimoja bapa juu. Jaribu tena kwa mtoto yule yule, akiwa ameshiba na ametulia.

Sasa niseme jambo ambalo huenda hukulitarajia: weka kando ile orodha yako kwa muda, ubakize suruali peke yake. Suruali ya mtoto yenye lastiki kiunoni ina vipande viwili tu, mguu wa kulia na mguu wa kushoto, haina mshono wa ubavuni, haina kola, haina mkono wa kuunganisha na kwapa, na mtoto akinenepa kidogo bado inamtosha. Kola ndogo ya gauni ni kazi ambayo hata fundi mwenye miaka kumi kwenye cherehani huifanya polepole, kwa sababu kona zake ni finyu na kila milimita inaonekana. Nimewaona wanawake wengi wenye mikono mizuri wakiacha kushona kwa sababu walianza na gauni la kola, likawashinda, wakaamini kwamba hawana kipaji. Sipendi likupate hilo. Hamu uliyo nayo sasa ni mali, na nguo ya kwanza iwe ile itakayoiongeza.

Kuhusu mtumba, mume wako amekupa msaada bila kujua. Nenda soko la Majengo au la Sabasaba, uchague suruali moja ya mtoto ya pamba isiyo na mshono wa ubavuni, ya umri wa miezi mitatu hadi sita, iliyochakaa kidogo lakini haijapoteza umbo. Ifue, ipige pasi, kisha kaa mahali penye mwanga uifumue yote kwa wembe au kifumulio, mshono mmoja baada ya mwingine, huku ukiandika kwenye daftari ni upi ulioanza kufumuka na ni upi uliokuwa chini yake. Ukimaliza utakuwa na vipande viwili bapa mezani, na utaona kwa macho yako kwamba upande wa nyuma umepandishwa juu kuliko wa mbele ili kutoa nafasi ya makalio na nepi. Hakuna maelezo yangu yatakayokufundisha jambo hilo vizuri kama vipande vyenyewe. Vipige pasi, uvilaze juu ya karatasi ngumu au gazeti, uchore pembeni mwake, na hapo umepata kiolezo chako. Kwa kuwa umechora pamoja na ukingo wa mshono uliokuwamo tayari, usiongeze kitu pembeni. Angalia tu kwamba kiunoni kuna sentimita tatu za kukunja na miguuni mbili.

Ukishakata, shona kwanza mshono wa ndani wa kila mguu. Kisha geuza mguu mmoja, uuingize ndani ya mwingine, nyuso nzuri zikitazamana, ushone mshono wa katikati kutoka kiuno cha mbele hadi kiuno cha nyuma kwa mkupuo mmoja, na urudie juu yake mara ya pili, maana hapo ndipo panapopasuka mtoto anapoanza kutambaa. Kunja kiuno, acha tundu la sentimita tatu, pitisha lastiki kwa pini, ifunge, uzibe tundu. Lastiki iwe fupi kuliko mzunguko wa tumbo kwa sentimita mbili tu au tatu. Ukimvua mtoto suruali ukaona mstari mwekundu tumboni, lastiki inambana, na suruali hiyo asivae tena mpaka umeilegeza.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika hapa. Sisi tunaitazama nguo kwa nje, lakini mtoto anaivaa kwa ndani. Ngozi yake ni nyembamba, hawezi kusema kinachomkwaruza, na atalia usiku kucha mkidhani ni tumbo. Cherehani ya mkono hushona mstari mnyoofu peke yake, haina zigizagi, ule mshono wa kwenda kulia na kushoto, kwa hiyo kingo za kitambaa zitachambuka msipozifunga. Kwenye miguu tumia mshono wa kufunika: weka vipande pande zake mbaya zikitazamana, shona nusu sentimita kutoka ukingoni, punguza ukingo kwa mkasi ubaki milimita tatu, geuza ili pande nzuri zitazamane, kisha shona tena milimita saba kutoka ukingoni. Kingo zote zitakuwa zimefungiwa ndani ya mshono, wala hutaona uzi hata mmoja unaoning'inia. Mshono wa katikati, kwa kuwa una mpindo, unaweza kuupeleka kwa fundi mwenye ovaloku, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, akuzungushie, au ukauzungushia kwa sindano ya mkono jioni moja mkiwa mnazungumza.

Ukija kwenye kitambaa, teteroni hiyo ishonee pazia la dirisha au mfuko wa kubebea nepi, usimvishe mtoto. Ina nyuzi za kutengenezwa kiwandani zisizofyonza jasho vizuri. Sokoni, kabla ya kulipa, omba kijiuzi kimoja cha pembeni ukiwashe nje kwa kiberiti: cha pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, cha plastiki huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Kwa kujifunzia, hata hivyo, huna haja ya kununua kitu. Khanga ya pamba iliyofuliwa kwa miaka miwili ni laini kuliko kitambaa kipya chochote, imekwisha kujirudi na kumaliza kuchuja rangi. Khanga moja ina karibu sentimita 150 kwa 110, na suruali ya mtoto wa miezi mitatu inahitaji vipande viwili vya kama 30 kwa 42, kwa hiyo utapata suruali tano ukipanga vizuri. Mimi hulikata lile jina la khanga likiwa zima, nikalitumia kama upindo wa ndani wa kiuno. Ukinunua kitambaa kipya, kifue na kukianika kabla ya kukata. Pamba hujirudi, na suruali iliyokuwa inatosha leo itakuwa fupi baada ya kufuliwa.

Hali ya hewa yetu inahitaji hesabu ya miezi, na hapa orodha yako ilikuwa inakupeleka mbali na lengo. Mtoto atazaliwa Julai, wakati usiku wa Dodoma hushuka karibu nyuzi 14 na upepo haupumziki. Nguo chache za siku zake za kwanza ziwe za flaneli, na ni heri tabaka mbili nyepesi kuliko moja nzito, kwa sababu moja inaweza kuvuliwa jua likitoka. Lakini suruali unayoishona kwa umri wa miezi mitatu hadi sita ataivaa kuanzia Oktoba, joto la mchana likipita nyuzi 30, na hapo khanga nyembamba ndiyo inayomfaa. Koti la miezi sita angelivaa Januari, katikati ya mvua na joto, yaani asingelivaa kabisa. Ukitaka kumshonea koti, lishone kwa kipimo cha mwaka mmoja, lije kumfaa Juni ya mwakani, nawe utakuwa umepata miezi mingi ya kujifunza mkono na kola. Na flaneli, kwa kuwa ina manyoya, hushika moto haraka, kwa hiyo mwenye kumpakata mtoto asikae karibu na jiko la mkaa.

Kabla ya kitambaa chochote, toa uzi kwenye sindano, chukua karatasi ya daftari la shule, ushone juu ya mistari yake. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza. Ukiweza kufuata mistari kumi bila kutoka nje, rudisha uzi, uweke sindano mpya namba 11 ikiwa khanga ni nyembamba au 14 kwa flaneli, uanze. Suruali ya kwanza huenda ikawa na mguu mmoja mfupi. Ishone ya pili na ya tatu kwa kiolezo kile kile bila kubadilisha mtindo. Ukifika ya tano, niandikie tena, tutazungumza habari ya gauni.

*Fundi, mimi ni mstaafu wa Kondoa, ninawashonea wajukuu. Cherehani yangu inashona vizuri juu, lakini chini ya kitambaa uzi unajikusanya kama kiota. Nimebadilisha bobini mara tatu bila mafanikio.*

*Babu wa Wanne, Kondoa*

Shikamoo, mzee wangu. Uzi unapojikusanya chini, mara nyingi tatizo liko juu, ndiyo maana bobini haijakusaidia. Uzi wa juu haujaingia barabara katikati ya zile sahani mbili za kubania, hivyo unashuka bila kuzuiliwa. Inua mguu wa cherehani, yaani kile kichuma kinachokandamiza kitambaa, kwa kuwa sahani hufunguka mguu ukiwa juu, utoe uzi wote, uupitishe upya tangu mwanzo, kisha ushushe mguu na uuvute kidogo: unapaswa kuhisi ukinzani. Kama bado, kaza skrubu ya kubania robo mzunguko kwa kila jaribio. Tazama pia vumbi, kwa sababu upepo wa kanda yetu ya kati huliingiza kila mahali. Fungua kile kibati kilicho chini ya sindano, upanguse kwa brashi ndogo, utie tone moja moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasitumike kamwe. Hukauka yakawa gundi.

*Dada, mwanangu ana miezi minne. Ninapenda kumpambia nguo kwa riboni, shanga na vifungo vya rangi. Jirani ananiambia ni hatari. Je, ni kweli?*

*Mama wa Mpwapwa*

Ni kweli, mdogo wangu, na jirani huyo anakupenda. Katika umri huo kila kitu huenda mdomoni. Shanga zisiwepo kabisa. Kifungo kikibidi, kiwe mgongoni, kishonwe kwa uzi maradufu na kuzungushwa shina, yaani uzi uzungushwe chini yake kabla ya kufunga fundo, kisha ukivute kwa nguvu zako zote kila baada ya kufua. Kikilegea, kikate siku hiyo hiyo. Kamba au riboni isikae shingoni wala kwenye kofia atakayolala nayo, kwani inaweza kumnyonga. Kama unapenda mapambo, kata ua kutoka kwenye khanga, ulishone bapa kifuani kwa kushikiza kingo zake zote.

Nguo zikianikwa nje, zipige pasi pande zote mbili pamoja na mishono kabla ya kumvisha, hata nepi, kwa sababu yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Soksi nazo zigeuze ndani nje kila mara, ukate nyuzi zote zinazoning'inia. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mguu huzuia damu, na mtoto atalia bila mtu kujua sababu mpaka soksi ivuliwe.