Programu iliyonifaa ilinipima mimi, si mtoto

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, naomba jina la ile programu uliyompunguzia mwanao uzito." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mwanangu sikumpunguza uzito hata kidogo, na programu ya kwanza niliyotumia nusura initenganishe naye.

Binti yangu alikuwa na miaka 3 na nusu. Kwenye shughuli ya kifamilia wifi yangu alimbeba, akamshusha haraka, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Huyu mnamlisha mawe?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Usiku sikupata usingizi. Miaka imepita, lakini nikilikumbuka neno lile bado linachoma.

Badala ya kwenda kliniki nikakimbilia simu. Nikapakua programu ya kuhesabu kalori, ya watu wazima wanaotaka kupungua. Haikukubali umri chini ya miaka 18, basi nikadanganya. Hapo tu ningejua nimepotea njia, lakini nilikuwa na hasira na wifi, na hasira haisomi maelekezo. Nikawa napiga picha sahani kabla mtoto hajaigusa, na kila asubuhi nampandisha kwenye mizani. Namba ikishuka, skrini inatoa uso wa kijani unaotabasamu. Ikipanda, uso mwekundu ulionuna.

Asubuhi moja nikamkuta kapanda mizani mwenyewe, soksi mguu mmoja, kashika tumbo kwa mikono miwili, kavuta pumzi ndani. Akaniangalia. "Mama, leo simu itanuna?"

Niliifuta palepale, na siku ileile tukaenda kliniki.

Nesi hakunigomba. Alipima uzito na urefu, akaufuata mstari kwenye chati kwa ncha ya kalamu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, Shirika la Afya Duniani linatazama uzito kwa urefu: akivuka mstari wa 2 juu ya wastani, uzito umezidi, akivuka wa 3, ni unene uliopindukia. Wangu alikuwa ameuvuka wa 2 kidogo. "Usihangaike kumshusha," nesi akasema. "Uzito ukipanda polepole, urefu utauwahi." Kumnyima mtoto anayekua chakula bila daktari kusimamia ni hatari, na mimi nilikuwa nikifanya hivyo kwa kidole gumba.

Programu ya pili ilikuwa ya wazazi wa watoto wadogo. Haikuuliza mtoto ana kilo ngapi. Iliuliza mambo yangu: jana umempa vinywaji vitamu mara ngapi? Amelala kwa saa ngapi? Amecheza kwa kukimbia kiasi gani? Amekaa mbele ya skrini dakika ngapi? Siku ya kwanza, ili nijibu hilo la mwisho, ilinibidi nimnyang'anye simu. Ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya maji, inamwonyesha katuni ili ameze.

Niliapa kwamba anakunywa kikombe 1 cha juisi kwa siku. Tulipoandika kweli, vilikuwa 4: changu cha asubuhi, cha baba yake, cha bibi yake, na kile cha "nyamaza basi". Skrini ilikaribia saa 2 na nusu kwa siku, wakati kwa watoto wa miaka 2 hadi 4 Shirika hilohilo linashauri isizidi saa 1, na chini ya miaka 2 bora isiwepo kabisa. Mtoto wa miaka 3 anatakiwa ajishughulishe kwa mwili dakika 180 kwa siku. Wangu alikuwa anajishughulisha na kochi.

Wenye kutaka ushahidi wanao kutoka Uswidi. Watafiti walijaribu programu ya wazazi iitwayo MINISTOP. Jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2017, lilihusu watoto 315, na baada ya miezi 6 mafuta ya mwilini hayakutofautiana na ya watoto ambao wazazi wao hawakuitumia. La pili lilihusu wazazi 552 wa watoto wa miaka 2 na nusu hadi 3. Uwiano wa uzito na urefu haukubadilika pia, ila vitafunwa vitamu, vinywaji vya sukari na muda wa skrini vilipungua, na wazazi wakajiamini zaidi. Mimi nimelisoma hilo kama picha ya nyumba yangu: simu haikugusa mwili wa mtoto, iligusa mikono ya waliomlisha.

Miezi iliyofuata siisimulii, ilikuwa maji badala ya juisi na vilio vya saa 12 jioni. Leo ana miaka 6, na mara ya mwisho nesi aliuweka mstari wake mahali pazuri. Ndiyo, nilipiga picha chati ile. Na ndiyo, niliituma kwenye kundi la familia, wifi akiwemo. Hajajibu mpaka leo.

Basi wazazi wenzangu, tusidanganyane. Andika ulichompa, si alichopima. Andika siku ileile, maana kesho utajipendelea. Wewe chagua chakula na saa ya kula. Kiasi mwachie tumbo lake. Mboga aliyoikataa mrudishie tena na tena bila kumlazimisha, wengine huikubali baada ya kuionja mara 10 au zaidi. Arifa zizime akiwa macho, namba asizione, neno "mnene" lisitoke kinywani mwako. Na andika ulichompa. Nimeshasema, narudia.

Dada uliyeniandikia, jina la programu nitakutumia pembeni. Ila nijibu kwanza: mwanao akiwa anakula, simu yako huwa imeegemezwa kwenye nini?