Muulize Dalali: Ardhi ya waasi iliuzwa, pesa zikaenda wapi?

*Shikamoo Mzee Dalali. Mwalimu wetu wa historia ametueleza kwamba mwaka 1715 mabwana wa Scotland waliasi, wakashindwa, serikali ya Uingereza ikawanyang'anya mashamba na kuyauza. Akasema serikali yenyewe haikuambulia kitu. Tumebishana bwenini mpaka taa zikazimwa. Ardhi yote ile iuzwe halafu pesa zisionekane?*
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Korogwe

Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu wako kasema kweli, na hesabu ipo. Mauzo yaliingiza pauni 411,082. Wakalipwa waliokuwa wakiwadai wenye mashamba, mfalme naye akawagawia aliotaka kuwagawia, zikabaki pauni 84,043. Makamishna waliopewa kazi ya kuuza wakatumia pauni 82,936 kwa gharama zao. Toa mwenyewe: hazina ilibakiwa na pauni 1,107. Na Bunge lilikuwa limekwisha kupanga kwamba pauni 20,000 za mauzo hayo zijenge shule kule milimani Scotland. Hilo la shule ndilo linaloniuma kila nikiisoma hesabu hii.

Nimekuwa dalali wa mahakama Muheza kwa miaka ishirini na miwili, kwa hiyo nakueleza kama mtu wa mnada.

Waasi wale walitaka James wa ukoo wa Stuart akalie kiti cha mfalme George I. Walipigana Sheriffmuir Novemba 1715, na wenzao wakasalimu amri Preston wakati huohuo. Mwaka uliofuata makamishna wakateuliwa, mmoja wao Richard Steele, mwandishi maarufu wa London, kwa mshahara wa pauni 1,000 kwa mwaka. Walipofika Edinburgh walikuta majaji wa huko wameshawahi. Wadai walikuwa wamekwenda mahakamani, na mashamba yakawekwa chini ya wasimamizi. Wengi wa wasimamizi hao walikuwa jamaa na marafiki wa waasi. Kodi ya wapangaji ikawa inarudi kwa mwenyewe kupitia mlango wa uani. Ikabidi itungwe sheria nyingine mwaka 1718 ndipo mauzo yaende. Muda wote huo kesi zimelala, mishahara inatembea.

Kisha likaja tatizo la mnunuzi. Hapa acha nikwambie jambo nililoliona kwa macho yangu. Mwaka mmoja nilinadi shamba la michungwa, ekari sita, la mzee aliyefariki akiwa na deni. Tangazo nililigongomea kwenye mwembe wiki mbili kabla. Siku ilipofika watu walijaa, wamekaa hadi kwenye mizizi. Nikapiga kengele, nikataja bei ya kuanzia. Kimya. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akimenya chungwa, ganda linateremka refu bila kukatika, na hakuinua macho hata nilipoteremsha bei mara ya tatu. Wote walikuwa na uwezo wa kununua angalau kipande. Wote walikuwa wamemzika yule mzee. Mwishowe alinunua mtu wa Tanga mjini, na msimu wa kwanza alikosa hata kibarua wa kumchumia.

Scotland ilikuwa hivyohivyo. Wenye fedha wa huko hawakutaka kuonekana wakimnunua jirani yao aliye uhamishoni. Walionunua sehemu kubwa ni kampuni ya London, York Buildings Company, iliyokuwa ikivuta maji ya mto Thames na kuwauzia watu wa mjini. Kampuni ya maji! Oktoba 1719 ikachukua shamba la Winton kwa pauni 50,300, yakafuatia mashamba ya Panmure, Southesk na Marischal. Fedha yenyewe ilikuwa ya kuuza hisa, na mwaka 1720 bei za hisa zikaporomoka London nzima. Kampuni ikabaki na ardhi iliyo mbali, madeni shingoni, na kesi zilizodumu miongo.

Na kuna ardhi ambayo haikupata mnunuzi kwa miaka mingi. Lodi Seaforth alikimbilia Ufaransa, lakini mtu wake, Donald Murchison, aliyekuwa naye vitani, akabaki milimani na kuendelea kukusanya kodi na kumpelekea. Mwaka 1721 serikali ikawatuma wasimamizi wawili wa ukoo wa Ross pamoja na askari. Oktoba 2, bondeni Glen Affric, Murchison na watu wake wakawavizia. William Ross akajeruhiwa. Mwanawe Walter akapata jeraha lililomuua. Kabla ya kuachiwa warudi, wasimamizi wale walitakiwa wakabidhi hati zao za kazi na kuahidi kwamba hawatarudi kudai kodi. Mimi nimekwenda vijijini na hati yenye mhuri wa mahakama mkononi, najua karatasi ile inavyokuwa nyepesi pale wanakijiji wote wanapokutazama bila kukuitikia salamu. Namsikitikia Walter Ross. Alikufa kwa ajili ya kodi ambayo hata baba yake hakuipata.

*Mzee Dalali, waliasi tena mwaka 1745. Je, serikali iliuza tena? Na wenyewe waliwahi kurudishiwa?*
Mama Zuhura, Mombasa

Dada yangu, safari hiyo serikali ilikuwa imepata funzo. Baada ya vita vya Culloden, Aprili 1746, waasi waliposhindwa, mashamba mengine yaliuzwa, lakini kwa sheria ya 1752 mashamba kumi na matatu yakafanywa mali ya Taji, yaani ya ufalme, yasiuzwe kamwe, kodi yake itumike kuendeleza milima. Damu ilimwagika tena. Mei 14 mwaka huohuo msimamizi Colin Campbell wa Glenure alipigwa risasi mgongoni msituni, zikiwa zimebaki saa chache awahamishe wapangaji wa shamba la Ardshiel. Akanyongwa James Stewart, mtu wa huko, kwa kosa la kushiriki mauaji hayo, na wengi hadi leo wanaamini hakuwa na hatia. Mwaka 1784 mashamba yale yakarudishwa kwa warithi, kwa sharti walipe madeni ambayo serikali ilikuwa imeyalipa. Sehemu ya fedha zake ilijenga Register House, jumba la Edinburgh linalotunza kumbukumbu za Scotland.

Na wale wa 1715? Ningeweza kuhudhuria mnada mmoja tu wa zamani, ningechagua wa Edinburgh mwaka 1764, kampuni ya maji ilipolazimika kuuza. Panmure ilinunuliwa na mtoto wa ndugu wa yule aliyenyang'anywa. Southesk ikarudi kwa ukoo wa Carnegie. Kisha akaja George Keith, Lodi Marischal mwenyewe, aliyeasi akiwa kijana na sasa ni mzee wa miaka sabini na kitu, ameshasamehewa, ametoka Prussia alikokuwa rafiki wa mfalme Frederick. Akataja bei yake. Dalali akauliza kama yupo wa kuongeza. Hakuna aliyeongeza. Nyundo ilipogonga, watu wakashangilia.