Moravian si tawi la Walutheri
Hapana ndugu unayesema Kanisa la Moravian ni tawi la Walutheri: Moravian hawakutoka kwa Luther. Mwanzo wao ni Jan Hus, mhubiri wa Bohemia (Ucheki ya leo), aliyechomwa moto Konstanz, Ujerumani, tarehe 6 Julai 1415. Wafuasi wake wakaanzisha Umoja wa Ndugu, yaani kanisa ambalo leo tunaliita Moravian, huko Bohemia mwaka 1457. Hoja 95 za Luther, zilizoanzisha mageuzi yake ya kanisa, ni za 1517, miaka 60 baadaye. Hesabu yenyewe inakataa.

Mkanganyiko unatokana na Zinzendorf, mtemi wa Kijerumani: yeye alikuwa Mlutheri, na ndiye aliyewapokea wakimbizi wa Umoja wa Ndugu kutoka Moravia, jirani ya Bohemia, shambani kwake, Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1722. Halafu huku Unyakyusa wamisionari wa makanisa yote mawili walikuwa Wajerumani na waliingia mwaka uleule, 1891: Moravian wakaweka makao Rungwe, Walutheri wa Misioni ya Berlin wakashika upande wa mashariki. Ndiyo maana wazee wengi huwachanganya.