Ekseli mpya, gari linatanga: pima kasta kabla hujanunua shokapu ya steringi

Juzi kaka mmoja wa Dodoma kaniandikia: "Dada, nimefunga ekseli ya mbele yenye difloki kwenye Land Cruiser 79 yangu, na koili za kuinua inchi 2. Nikifika spidi 80 gari halitulii, linakwenda kushoto, nikilirudisha linapitiliza kulia. Fundi anasema ninunue shokapu kubwa ya steringi. Ninunue?"

Usinunue kaka. Nimepita hapo hapo ulipo, na gari ni lile lile.

Langu ni 79 la kubeba wageni, Arusha kwenda Ngorongoro na Serengeti. Anayejua udongo mweusi wa Ndutu wakati wa mvua hataniuliza kwa nini nilitaka difloki ya mbele, yaani kifungio kinacholazimisha magurudumu yote mawili ya mbele yazunguke pamoja. Nilipata ekseli nzima iliyotumika, nikaiimarisha kwa kuchomelea vyuma kwenye nyumba yake, nikaweka na koili (springi) ngumu zinazoinua gari milimita 50. Habari za kufungua na kufunga siziandiki, fundi yeyote aliyekulia kwenye Land Cruiser anazijua. Difloki ilifanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza, na kwenye tope sina cha kulalamika mpaka leo.

Shida ilikuwa kwenye lami. Ukishatoka Kisongo kuelekea Makuyuni barabara inanyooka, na hapo ndipo dereva anapopumzisha mabega. Mimi sikuweza. Steringi ilikuwa nyepesi na haikurudi katikati yenyewe baada ya kona. Lori likipita, gari linasukumwa na mimi natafuta njia upya. Ajabu ni kwamba tukiwa na wageni na mizigo lilikuwa na nafuu. Likirudi tupu, linatanga kweli kweli.

Nikalipeleka kwenye gereji moja mjini yenye mashine ya alaimenti, ya kupima pembe za matairi. Wakanipa karatasi, wakanyoosha steringi, wakaniuzia shokapu ya steringi. Niliporudi kulalamika nikaambiwa, "Mama, hizi gari ndivyo zilivyo, wewe endesha polepole." Nimeendesha Land Cruiser miaka mingi kuliko umri wa kijana aliyeniambia hivyo. Kampuni iliyokuwa inanipa wageni ikaacha kunipigia simu, kwa sababu wageni walisema gari linawatia hofu. Lile neno "mama, endesha polepole" bado linaniuma, sitaficha.

Basi nikalala chini ya gari mwenyewe na fundi wangu wa siku zote, tukaanza kupima.

Jambo la kwanza ni kasta, yaani pembe ya kulala nyuma ya mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia. Angalia baiskeli ya Phoenix: uma wa mbele umelala kuelekea nyuma, ndiyo maana mtu anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda moja kwa moja. Ekseli ya mbele ya gari nayo imelazwa hivyo. Kwenye Land Cruiser 80, ambayo mpangilio wake wa mbele unafanana sana na wa 79, kiwango cha kiwandani ni karibu digrii 3. Sasa fikiria mikono miwili inayoshika ekseli kutoka kwenye chesisi. Ukiinua chesisi, ncha ya nyuma ya mkono inapanda wakati ekseli imebaki chini, kwa hiyo ekseli nzima inazunguka kwenda mbele. Mkono wa mita moja ukipandishwa milimita 50 upande mmoja unazunguka karibu digrii 3. Piga hesabu mwenyewe uone kimebaki nini.

Na lile la kurudi tupu nalo likapata jibu. Magari yetu ya safari yana springi nzito za nyuma, hivyo yakiwa hayana mzigo yanasimama mkia juu, pua chini. Pua ikishuka, kasta inapungua tena. Wageni wakipanda mkia unashuka na kasta inarudi kidogo. Kwa hiyo ukienda kupima, nenda na gari likiwa na uzito linaofanyia kazi, matangi yamejaa. Halafu dai namba ya kasta kwenye karatasi. Yule wa mjini alinisomea namba za mwelekeo wa matairi tu (jinsi ya mbele yanavyoinamiana au kuachana), kasta hakuitaja hata mara moja, na kwenye ekseli nzima kama hii, ya bomba moja linalounganisha magurudumu mawili, ndiyo namba inayobeba habari yote.

Dawa zipo: bushi (mipira ya kwenye maungio) zenye tundu la pembeni za kuweka kwenye mikono, au vipande vya chuma vinavyoshusha ncha ya mkono kwenye chesisi. Mimi niliweka bushi, kasta ikarudi karibu na ya kiwandani. Usizidishe. Kila unapolaza ekseli nyuma zaidi, pua ya difu inatazama chini, na propela ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) inafanya kazi kwa pembe mbaya. Kwenye 79 hutaisikia ukiwa na hapu (vifungio vya kwenye magurudumu ya mbele) zimefunguliwa, utaisikia siku umezifunga, gari likianza kutetemeka kwenye mwendo.

La pili ndilo lililonikasirisha zaidi. Pale mjini, ili steringi ionekane imenyooka, walichomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Steringi boksi imetengenezwa iwe imebana zaidi ikiwa katikati kabisa, na pembeni inaachia nafasi kidogo. Ukichomoa usukani badala ya kurekebisha draglinki, ile rodi inayotoka kwenye boksi kwenda gurudumuni, unaendesha siku nzima kwenye ile sehemu iliyolegea. Jaribu hivi: zungusha usukani kutoka mwisho mpaka mwisho ukihesabu mizunguko, rudi nusu yake. Hapo ndipo katikati ya boksi. Kama matairi hayajanyooka hapo, rekebisha urefu wa draglinki mpaka yanyooke. Usukani usiuguse.

Ndiyo maana utaratibu una maana. Anza na rodi ya panhadi, inayozuia ekseli isisogee kushoto na kulia, kwa sababu gari likipanda ekseli inasogea pembeni kidogo. Irudishe katikati ya chesisi. Halafu kasta. Halafu mwelekeo wa matairi kwa tairodi, rodi inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Draglinki iwe ya mwisho. Ukianza na draglinki utarudia kila kitu. Na usimruhusu mtu ashushe mkono wa steringi boksi akaacha panhadi ilipokuwa: rodi hizo mbili zinatakiwa zikae karibu sambamba, la sivyo kila shimo litakuzungushia usukani mkononi.

Mwelekeo wa matairi hauhitaji mashine. Inua gari, zungusha tairi ukichora mstari wa chaki katikati ya kashata (meno ya tairi), shusha, lisukume mbele kidogo likae sawa, kisha pima kwa futi kati ya mistari, mbele na nyuma, kwenye kimo cha hapu. Mimi nimeacha mbele pawe pembamba kuliko nyuma kwa milimita 1 hadi 2. Kemba, yaani tairi kuegemea ndani au nje, usiiguse: kwenye ekseli nzima hairekebishiki, ikiwa mbaya nyumba ya ekseli imepinda au beringi zimekwisha.

Na beringi za kingpini, zile ambazo gurudumu hugeukia, ziangalie, hasa kwenye ekseli iliyotumika. Fungua tairodi na draglinki, funga mizani ya kuvuta, ile ya wauza samaki, kwenye mkono wa gurudumu, uone uzito unaohitajika kuuanzisha. Kitabu cha gari kinakupa kiwango. Ukigeuka bila upinzani wowote, zimelegea. Hizo, pamoja na vichwa vya tairodi vilivyochoka na tairi zisizobalansiwa, ndizo zinazoleta ule mtetemeko mkali wa usukani ukigonga shimo kwenye spidi 70 au 80. Ukikupata, achia mafuta taratibu, usikanyage breki ghafla.

Shokapu ya steringi inazuia mtetemeko usisikike. Haimwondoi aliyeuleta. Fundi anayeanza nayo anakuuzia ukimya, na wewe unabeba watu. Ndugu zangu wenye magari ya wageni, tuache kukubali maneno kama "ndivyo zilivyo". Gari la ekseli nzima lililopimwa vizuri linakwenda limenyooka. Langu leo nalishika kwa vidole viwili mpaka Mto wa Mbu, na ile kampuni imenipigia simu yenyewe.

Ukimaliza, kaza tena boliti zote za mikono, panhadi na steringi boksi baada ya safari ya kwanza ya rasta (barabara ya mawimbi-mawimbi). Ile ya kutoka Naabi Hill kwenda Seronera inalegeza chochote. Koili mpya pia hushuka kidogo zikizoea mzigo, kwa hiyo pima kasta tena baada ya wiki chache za kazi.