Kura ya mchujo kwa posta hapa Washington: jibu kwa dada wa Kent

Dada, kwanza hongera kwa kula kiapo cha uraia wa Marekani. Umeuliza mambo matatu: bahasha ya kura iliyokuja Julai ni ya nini wakati uchaguzi unajulikana ni wa Novemba, kwa nini shemeji asijaze yake na yako kwa pamoja wakati wewe uko zamu, na utajuaje kwamba kura uliyoitumbukiza kwenye sanduku la barabarani imefika. Waliotangulia hapa jukwaani wamekujibu kwa mkato, na mmoja amekuletea sheria za jimbo jingine kabisa. Mimi nazungumzia jimbo la Washington tu (si mji mkuu, Washington D.C.), ninakoishi, ambako nimekuwa nikipiga kura kwa posta tangu nilipopata uraia.

Bahasha ya Julai ni ya mchujo, yaani kura ya kwanza inayopunguza wagombea kabla ya Novemba. Hapa mchujo ni Jumanne ya kwanza ya Agosti, na kaunti, yaani serikali ya eneo lako, inatakiwa iwe imeshatuma karatasi za kura siku 18 kabla. Wanajeshi na walio nje ya nchi wanatumiwa mapema zaidi, siku 45 kabla. Huombi wala hujazi fomu ya kuomba. Ukishajiandikisha, inakuja yenyewe. Kaunti zilianza kuhamia posta moja moja, na sheria ya 2011 ikamaliza kwa kuzitaka zote ziwe hivyo. Zipo ofisi chache za kusaidia watu, hasa wenye ulemavu na wanaojiandikisha dakika za mwisho, lakini ile foleni ya alfajiri tuliyoizoea nyumbani huku haipo.

Ndani utakuta karatasi ya kura, kifuniko cha siri na bahasha ya kurudishia. Stempu usinunue, tangu 2018 haihitajiki. Unajaza kiduara kwa kalamu nyeusi au ya bluu. Ukikosea, pitisha mstari kwenye jina ulilokosea kisha jaza unalolitaka, usianze kufuta wala kupaka rangi nyeupe.

Sasa mchujo wenyewe, maana unatofautiana sana na tuliouzoea. Nyumbani Tanzania kura za maoni ni za wanachama wa chama husika. Hapa hakuna anayekuuliza kadi ya chama, na hata unapojiandikisha hutaji chama. Wagombea wote wa nafasi moja wamewekwa kwenye orodha moja, wa vyama vyote na wasio na chama, nawe unachagua mmoja. Wawili wanaoongoza ndio wanaokwenda Novemba, hata wakiwa wa chama kimoja. Wananchi wenyewe waliupitisha utaratibu huu kwa kura mwaka 2004, vyama vikaenda mahakamani, na ulianza kutumika 2008 baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuuruhusu. Mbele ya jina utaona maneno kwamba mgombea anapendelea chama fulani. Maneno hayo ameyaandika mgombea mwenyewe, chama hakijamthibitisha. Ndiyo maana nakusihi usome kile kijitabu cha wagombea kinachokuja kwa posta. Mwaka 2024 nafasi ya ugavana peke yake ilikuwa na majina 28. Huwezi kuamua hapo hapo mezani, chai mkononi, kwa kuangalia jina la chama.

Na orodha ndefu ina madhara yake. Mwaka 2016, kwenye nafasi ya Mweka Hazina wa jimbo, wa chama cha Democratic walisimama watatu na wa Republican wawili. Kura za wale watatu zikagawanyika, Republican wote wawili wakapita, na Novemba ikawa kuchagua kati ya Duane Davidson na Michael Waite. Hili ni jimbo linalopigia Democratic kura nyingi kila mwaka. Aliyesema "mimi nasubiri Novemba" alifika Novemba akakuta mtu wake hayupo.

Nakuja kwenye saini, na hapa naomba unisikilize sana kwa sababu ndipo watu wetu wengi wanapoumia. Hutoi kitambulisho unapopiga kura kwa posta. Kinachothibitisha kwamba ni wewe ni saini ya nje ya bahasha. Makao ya uchaguzi ya Kaunti ya King, ambamo mji wetu wa Kent umo, yako mji wa Renton, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kwenda kutazama kazi inavyofanyika kupitia vioo. Mimi nilikwenda wakati wa mchujo. Bahasha zinapita kwenye mashine inayosoma namba na kuchukua picha ya saini. Kisha karani kwenye kompyuta anailinganisha na saini zilizomo kwenye kumbukumbu zako: herufi zinaanzaje, zinalalia upande gani, zinaunganaje, mkia unaishia wapi. Wakati huo bahasha bado imefungwa, hajui umemchagua nani. Akitilia shaka, inapelekwa kwa mwingine aliyefunzwa zaidi. Ikikubaliwa ndipo inafunguliwa, karatasi inatengwa na bahasha yenye jina lako, na kuanzia hapo hakuna anayeweza kusema hii ni ya fulani. Nilitoka pale nikiwa na imani kuliko nilivyoingia, na kama una wasiwasi nakushauri uende ukaone kwa macho yako.

Kwa hiyo jibu la shemeji ni hapana. Anaweza kukusomea, kukutafsiria, hata kukupelekea bahasha kwenye sanduku kama unamwamini. Lakini chaguo ni lako na saini ni yako. Kukuwekea saini ni kosa la jinai, na kwa nia njema kabisa anaweza kuifanya kura yako isihesabiwe. Angalieni pia msibadilishane bahasha. Kila moja ina jina la mwenyewe.

Mama yangu mzazi mkono ulianza kutetemeka baada ya kuugua. Mchujo mmoja akasaini kama kawaida, akapeleka. Baada ya siku chache ikaja barua: saini haifanani na iliyopo kwenye faili, tafadhali saini fomu hii uirudishe. Wajukuu wakadhani ni matapeli, barua nusura iende kwenye takataka. Niliisoma, nikapiga simu kwa namba ya kwenye tovuti ya kaunti, si ya kwenye barua, wakanithibitishia kuwa ni yao. Mama akasaini fomu kwa mkono wake ule ule unaotetemeka, tukairudisha, kura ikahesabiwa, na saini yake mpya ikaingia kwenye kumbukumbu. Muda wa kurekebisha unaishia siku moja kabla ya matokeo kuthibitishwa, na kwenye mchujo kaunti zinathibitisha siku 14 baada ya uchaguzi. Asiyeweza kusaini kabisa anaweka alama, na mashahidi wawili wanasaini.

Naliongelea kwa kirefu kwa sababu Mkaguzi wa jimbo alichunguza kura za uchaguzi wa 2020, na ripoti iliyotoka 2022 ikaonyesha kwamba bahasha za vijana, za wanaume na za watu weusi zilikataliwa zaidi kuliko za wengine. Wakaguzi hawakuona dalili kwamba makarani walibagua. Hata hivyo kura zinapotea. Wanetu wengi saini yao iliyopo kwenye faili ni ile waliyoichora kwenye kidude cha ofisi ya leseni za udereva wakiwa na haraka, na huenda hawajasaini kitu kingine tangu hapo. Waambieni wachague saini moja waishike. Na kama una kijana wa miaka 17 ambaye ni raia na atafikisha 18 kabla au siku ya uchaguzi wa Novemba, sheria inamruhusu kupiga kura ya mchujo sasa hivi.

Kuhusu kufika: masanduku ya kaunti ni ya chuma, yamefungwa, na Kaunti ya King pekee inayo zaidi ya 70, mengi nje ya maktaba na ofisi za miji. Yanafungwa saa mbili kamili usiku siku ya uchaguzi. Ukitumia posta, kinachoangaliwa ni tarehe ya muhuri, nao haugongwi saa unayotumbukiza barua. Barua ya Jumanne jioni inaweza kugongwa Jumatano, na hapo imekwisha. Mimi wiki ya mwisho siigusi posta, napeleka kwenye sanduku. Halafu ingia kwenye tovuti ya jimbo ya VoteWA, weka jina na tarehe ya kuzaliwa, utaona kama bahasha imepokelewa na kama saini imekubaliwa. Usiishie kwenye "imepokelewa". Karatasi ikipotea au mtoto akiimwagia juisi, hapo hapo mtandaoni unaweza kupata nyingine ya kuchapisha.

Kuna mdau hapo juu amesema mchujo ni kupoteza muda. Tazama mchujo wa Agosti 2024, nafasi ya Kamishna wa Ardhi za Umma, ambaye ofisi yake inasimamia misitu ya jimbo na kupambana na moto wa nyika. Jaime Herrera Beutler aliongoza. Aliyeshika nafasi ya pili, Dave Upthegrove, alimzidi Sue Kuehl Pederson kwa kura 51. Zikahesabiwa upya kwa mkono, jimbo zima, tofauti ikawa 49. Kura zilizopigwa ni zaidi ya milioni moja na laki nane. Novemba Upthegrove akashinda, na ndiye kamishna. Kila mchujo maelfu ya bahasha hukataliwa kwa kuchelewa au kwa saini. Kura 49 ni watu wa msikiti mmoja au kanisa moja la kwetu hapa Kent, na hata nusu ya waliojiandikisha hawakupiga kura Agosti ile. Nani basi anapoteza muda?

Nyongeza mbili. Mchujo wa urais ni kitu tofauti, unafanyika Machi. Wa mwisho ulikuwa tarehe 12 Machi 2024. Huo ndio unaotaka uweke alama ya chama kwenye bahasha, Democratic au Republican, na kura yako iwe ya mgombea wa chama hicho hicho. Usipoweka alama, au ukiweka kote kuwili, haihesabiwi. Chama ulichochagua kinaweza kuonwa na umma, mgombea uliyemchagua anabaki siri yako.

La pili ni kwa wenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu, bila uraia) mnaosoma hapa kimya kimya. Msijiandikishe, hata mtu wa kampeni akiwapa fomu mlangoni na kuwaambia haina shida. Kudai uraia ambao huna, au kupiga kura bila uraia, kunaweza kukuondoa nchini na kufunga njia ya kiapo chenyewe. Kama jina lako limeshaingia kwa bahati mbaya, usipige kura hata moja. Tafuta wakili wa uhamiaji kabla hujaandika barua yoyote.

Dada, ikija barua ya saini usiitupe. Uliza hapa, ila funika jina na anwani kabla ya kupiga picha.