Acha kutafuta skolashipu, tafuta kazi: PhD na postidoki za fizikia nje

Mimi nilipoteza mwaka mzima kwa neno moja tu, skolashipu. Kila usiku naingia Google, naandika skolashipu za PhD fizikia, yanakuja yale yale yanayogombewa na dunia nzima, naomba, nakosa, narudia tena. Kumbe Ujerumani, Uholanzi, Sweden na Norway mwanafunzi wa PhD ya fizikia mara nyingi ni mwajiriwa kabisa, ana mkataba, ana mshahara, anakatwa kodi, na nafasi yake inatangazwa kama kazi nyingine yoyote, mwezi wowote. Nilipobadilisha tu neno la kutafuta, mambo yakafunguka.

Sasa unaangalia wapi? Fizikia ya chembe na nadharia nenda INSPIRE, tovuti ya kutafutia makala za fizikia hiyo, wana ukurasa wa kazi. Astronomia ni AAS Job Register, ukurasa wa kazi wa chama cha wanaastronomia wa Marekani. Ulaya kwa ujumla ni EURAXESS, tovuti ya Umoja wa Ulaya ya kazi za watafiti. Marekani ni habari nyingine, kule unaomba kuingia idara, dedlaini nyingi ni Desemba mpaka Januari, na digrii ya kwanza inatosha, wakati Ulaya wengi watakudai masters. Kama masters yako unaiona dhaifu, kuna Diploma ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia pale Trieste, Italia, mwaka mmoja, ni ya vijana wa nchi zinazoendelea na gharama wanabeba wao.

Ila siri kubwa ni kufuata hela. Fungua arXiv, tovuti ya bure ya makala za utafiti, soma papa (yaani makala hizo) za mada yako, halafu shuka mpaka mwisho pale wanaposhukuru wafadhili, watu wengi hawapasomi kabisa. ERC, baraza la utafiti la Ulaya, nao wanatangaza majina ya waliopata ruzuku, na hela zile zinaenda mpaka miaka 5, kwa hiyo mtu aliyepata juzi lazima atafute watu sasa hivi. Huyo ndiye wa kumwandikia.

Na kuandika kwenyewe jamani! Nilituma imeili kama arobaini, zote kopi na pesti, "Mheshimiwa Profesa, napenda sana utafiti wako", hakuna aliyejibu hata mmoja. Ya arobaini na moja ilikuwa na mistari sita, nimeuliza swali moja kuhusu grafu kwenye papa yake, basi. Siku mbili akajibu kwamba yeye hana hela ila mwenzake anatafuta mtu. Ndipo nilipopata.

Postidoki, yaani kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD, anza kuitafuta mwaka mzima kabla hujamaliza, maana matangazo ya nadharia na astronomia yanamwagika Septemba mpaka Desemba, kazi inaanza mwaka unaofuata. Marie Curie, ufadhili wa postidoki wa Umoja wa Ulaya, ina sharti linalowakata wengi: usiwe umeishi au kufanya kazi nchi unayoomba zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya dedlaini. Hesabu mapema.

Barua za mapendekezo waombe walimu mwezi mmoja kabla, halafu wakumbushe waangalie spamu, kwa sababu linki ya kuweka barua inatumwa kwao moja kwa moja. Mimi nafasi moja nilikosa hivyo hivyo, linki imelala spamu wiki tatu na mwalimu anadhani sijaomba.

Kwenye intavyuu wakikuuliza una swali, usiseme hapana kama mimi. Omba kuongea na mwanafunzi wa hilo kundi, peke yenu, profesa asiwepo, umuulize waliomtangulia walimaliza kwa miaka mingapi na wangapi waliondoka katikati.