Matundu mawili, maiki moja

Swali: Shikamoo Fundi. Mimi na mwenzangu tuna podikasti ya mapishi, tunarekodia sebuleni kwangu hapa Morogoro. Tunatumia maiki moja ya BM-800 na kile kisanduku cha V8. Mwenzangu akicheka sauti yangu inamezwa, na nikikaa kuhariri siwezi kumpunguza yeye peke yake. Dukani wamenishauri ninunue Scarlett Solo, eti ina matundu mawili hivyo inatutosha. Mwenzangu naye kang'ang'ania maiki ya SM7B kama za YouTube. Tununue?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Solo ni intafesi nzuri, yaani kisanduku cha kuingizia sauti ya maiki kwenye kompyuta, lakini si yenu. Matundu ni mawili kweli, ila la maiki ni moja tu. La pili ni la gitaa, kinanda na vitu vya namna hiyo. Behringer UMC22 nayo iko vivyo hivyo. Kwa hiyo usihesabu matundu kwa picha ya kwenye boksi. Kishike kisanduku chenyewe, kigeuze hata mgongoni, utafute matundu ya XLR, yale yenye vishimo vitatu. Mnaongea wawili, basi yawe mawili.

Zenye XLR mbili ni kama Scarlett 2i2 na Behringer UMC202HD. Mimi ningechukua UMC202HD, chenji niimalizie kwenye maiki. Zote mbili hupeleka kila sauti kwenye treki yake, yaani njia yake peke yake: kwenye Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, rekodi kwa stirio, wewe kushoto, yeye kulia, halafu zitenganishe. Kicheko utakishusha bila kujigusa wewe. Na kwa kuwa zinakula umeme wa USB, TANESCO wakikata mtaendelea maadamu laptopu ina chaji.

SM7B ni maiki ya heshima, sibishi. Tatizo sauti yake hutoka ndogo mno; inadai geini, yaani ukuzaji wa sauti, ya kama desibeli 60, na intafesi ya bei ndogo ikifunguliwa mpaka mwisho huanza kuvuma *shiii*. Mwenzako akikataa kabisa kushuka, nunueni 2i2 ya toleo la nne, inayofika desibeli 69. Ila kwa podikasti ya sebuleni, Behringer XM8500 mbili zinatosha kabisa. Ni maiki za dainamiki: hushika kilicho karibu na mdomo na kuwaachia jirani jogoo wake. BM-800 ni kondensa, aina inayonasa hata sauti za mbali, huyo jogoo inamleta mezani. V8 bakini nayo kwa ajili ya laivu za simu, vitufe vyake vya makofi vina raha yake.

Sasa waya, maana hapa ndipo wengi hulia. Maiki nyingi madukani huja na waya wa karaoke, ule unaoishia na jeki nene. Ukichomeka jeki hiyo kwenye intafesi, sauti itakuja dhaifu kama ya mgonjwa, nawe utadhani maiki ni mbovu. Dai waya wenye XLR pande zote mbili. Na tundu la hedifoni ni moja tu, kwa hiyo ongeza kile kiwaya cha kugawa ili wote wawili msikie.

Maiki ikae vidole vinne kutoka mdomoni, geini muipime mkiwa mnacheka, vilele vya sauti kwenye mita viishie kama desibeli -12. Ukienda dukani beba laptopu yako, na usitoe hela kabla hujasikia maiki zote mbili zikiingia kwa pamoja.